Uzi maalumu: Kupima joto la GPU (kadi ya picha) kwa hali ya hewa ya Dar (leta namba zako, na joto la chumba)

Mzigo_Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, heri ya siku.

Kila wiki humu hakosi mtu wa kuuliza "kadi yangu inafika 80, je ni salama?" Watu watano wanamjibu majibu matano. Mmoja kaangalia video ya mzungu ambaye kadi kama hiyo inaishia 65, anamwambia kabadilishe pesti (ile dawa laini ya kupitisha joto inayopakwa juu ya chipu) leo leo. Mwingine anamwambia tulia, cheza gemu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali la kwanza: chumbani kwako kuna nyuzi ngapi?

Wanaotengeneza zile video wanakaa kwenye vyumba vya nyuzi 21 mpaka 23 hivi, na wengi wao wanavitunza hivyo makusudi. Sisi Dar, Februari hii, saa tisa alasiri, chumba chini ya bati bila kiyoyozi, unasoma 32 au 33. Feni ya kadi haiwezi kupoza chini ya joto la hewa inayovuta. Kwa hiyo nyuzi kumi unazo tayari hata hujawasha kitu, na hapo si kosa la kadi wala la aliyekuuzia.

Ombi langu: ukileta joto la kadi, lete na joto la chumba. Tunatoa, tunabaki na tofauti. Tofauti ndiyo inayosema upozaji wa kadi yako ukoje. Mfano, RTX 3060 yangu: Julai chumba kilikuwa 26, kadi 69. Juzi chumba 31, kadi 74. Ukiitazama 74 peke yake utasema pesti imekauka. Toa sasa: 43 na 43. Kilichobadilika ni majira tu.

Ninavyopima ni hivi. Kipimajoto kwanza, hata kile cha saa ndogo ya kidijitali ya ukutani kinatosha. Kiweke mbele ya keisi, pale hewa inapoingilia, umbali wa mkono hivi. Usikiweke nyuma inakotokea hewa ya moto. Na ile programu ya hali ya hewa kwenye simu inakupa joto la uwanja wa ndege, haina habari na chumba chako cha Tabata Segerea.

Kisha funga kasi ya feni. Hapa wengi wanapotea. Ukiziacha zijiendeshe, chumba kikipata joto zinaongeza mwendo kufidia, unaishia na namba karibu ile ile ila kelele imezidi, halafu unasema "mbona iko vilevile". Mimi naingia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, naweka asilimia 60, nikimaliza narudisha otomatiki.

Halafu subiri. Dakika tatu ni utani. Chipu inapanda haraka, lakini hitsinki (chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la chipu), keisi na hewa ya ndani vinakuja taratibu. Naandika namba ikikaa dakika tano bila kupanda hata nyuzi moja, na kwangu hiyo ni kama dakika ya ishirini. Joto la chumba nalisoma mwisho, maana mashine nzima ikila wati 300 ndani ya chumba kilichofungwa, chumba chenyewe kinapanda.

Kusoma natumia programu ya HWiNFO64, upande wa sensa. Andika joto la chipu, joto la hotispoti (ile sehemu ya chipu yenye moto kuliko zote), wati, mzunguko wa feni na kasi ya kadi kwa megahezi. Bila wati namba zako zina kasoro, nitaeleza mbele.

Karibuni. Naweka kambi hapa.

---

Njombe_Baridi

Sisi wa Njombe tunaruhusiwa? Chumba 17 asubuhi hii, GTX 1060 imekaa 59 kwenye Superposition (programu ya kupima kadi kwa picha nzito kama za gemu). Watu wa Dar poleni sana 😂

---

Mzigo_Tabata

Tofauti 42 hiyo mkuu. Ukishuka na mashine hiyo Dar utaiona inasoma 74, usije ukagombana na fundi.

---

Mkongwe_wa_Pentiamu

Vijana mnajipa kazi. Kadi ina ulinzi wake. Nvidia wenyewe wameandika kikomo cha 3060 ni nyuzi 93, cha GTX 1060 ni 94. Ikifika huko itajipunguza, ikizidi itazima. Kuna watu wametumia mashine jiji hili tangu enzi za diski laini na hakuna aliyekuwa anapima chochote. Chezeni gemu.

---

Mzigo_Tabata

Mzee wangu shikamoo. Kwamba haiungui, nakubaliana nawe kabisa. Lakini kadi za Nvidia hazisubiri 93 ndipo zijibane. Zinaanza kushusha kasi mapema sana, kidogo kidogo, hatua za megahezi 15 kila joto linapopanda. Kwangu kwenye nyuzi 50 inakimbia 1,920, ikifika 74 iko 1,875. Hiyo huioni kwenye gemu. Tatizo ni ile kadi inayogonga lengo lake la joto, ambalo kwa nyingi limewekwa 83. Pale inashusha kasi na voltiji kwa nguvu ili isizidi, na mtu anaona fremu zinayumba anadhani gemu ndiyo nzito.

Njia rahisi ya kujua: fungua programu ya GPU-Z, ukurasa wa sensa, tazama mstari wa PerfCap Reason wakati kadi iko kazini. Ikisoma Pwr, imebanwa na kikomo cha umeme, hiyo ni kawaida. Ikisoma VRel au VOp ni voltiji, kawaida pia. Ikisoma Thrm, joto linakula fremu zako.

---

Mkongwe_wa_Pentiamu

Marahaba. Nimeangalia, ya kwangu inasoma Thrm. Endelea.

---

Fundi_Aggrey

Mwanzisha uzi umeshusha nondo, ila niongeze upande wa mzigo wenyewe, maana kila mteja anayekuja dukani anasema "nimepima na FurMark".

FurMark ni programu ya kuilemea kadi, na mzigo wake si wa kawaida. Ile pete yenye manyoya inaisukuma kadi mpaka kwenye kikomo chake cha wati na kuishikilia pale bila kupumua. Ni nzuri kupima hitsinki na feni. Ila kwa sababu imegonga kikomo cha umeme, kadi inashusha kasi yake, kwa hiyo haikuambii kama kadi itatulia kwenye kasi ya juu ya gemu. Nimeona kadi zinakaa FurMark nusu saa bila shida, zikiingia gemu dakika kumi zinaganda. Kwa hiyo FurMark tumia kwa upozaji, kwa utulivu tumia gemu lenyewe au Superposition. Mwenye programu ya kupimia ya 3DMark, ya kulipia, ile Time Spy ya kupima msongo inazunguka mara 20 na inataka uthabiti wa fremu usiopungua asilimia 97. Hiyo ni kipimo kizuri, kadi inayojibana kwa joto inaanguka pale.

Kadi ya zamani yenye hali usiyoijua, usiifungulie FurMark ukaenda kula. Kaa hapo, angalia.

---

shemeji_wa_Luku

Ila FurMark nusu saa si uniti zote za mwezi zinaisha jamani

---

Mzigo_Tabata

Shemeji, wati 300 kwa nusu saa ni uniti 0.15. Friji lako kwa siku linakula zaidi ya hiyo.

---

dada_rendi

Habari zenu kaka zangu. Mimi si wa gemu, nafanya uhariri wa video na picha za 3D kwa Blender, kadi ni RTX 3080. Kuna kitu kinanisumbua. Kazi ile ile nikiirenda (mashine itoe picha za mwisho) usiku inaisha mapema, nikiirenda mchana inachelewa waziwazi. Chipu inasoma 72 tu, chumba 31. Nimeambiwa na fundi mmoja 72 ni safi, tatizo ni Windows. Nimeweka Windows upya. Hakuna tofauti.

---

Fundi_Aggrey

Dada, kwenye HWiNFO shuka chini kidogo, kuna mstari unaitwa GPU Memory Junction. Inasoma ngapi mchana?

---

dada_rendi

108, mara 110. Hii ndiyo nini tena?

---

Fundi_Aggrey

Ndiyo mchawi wako. 3080 inatumia kumbukumbu aina ya GDDR6X, inakula umeme mwingi na inatoa joto jingi. Ikigonga 110 kadi inajibana hata kama chipu yenyewe imepoa. Chipu ina pesti yake, kumbukumbu zinapeleka joto kupitia pedi, zile kama mpira laini. Pedi zikichoka chipu inabaki 72 na kumbukumbu zinaungua peke yake, ndiyo maana aliyeangalia chipu tu hakuona kitu. Usiku chumba kinashuka nyuzi kadhaa, kumbukumbu zinabaki chini ya 110, kazi inakwenda.

Kwa leo, kabla ya kufungua chochote: Afterburner, shusha kikomo cha umeme mpaka asilimia 80. Kadi hiyo ni ya wati 320, utaipunguzia zaidi ya 60. Utapoteza kasi kidogo tu, na mchana huenda ukaipata zaidi ya unayoipata sasa. Halafu tutaongea pedi.

---

dada_rendi

Nimeshusha. Kumbukumbu 100, na fremu moja inatoka haraka kuliko asubuhi. Sina la kusema. Na hela ya Windows nani ananirudishia 😭

---

kijana_Mbagala

Wakuu naomba msaada, natanguliza shukrani. Nimenunua RTX 3070 ya mkononi Kariakoo. Muuzaji kasema ilikuwa ya gemu tu. Nimepima kama mlivyosema, FurMark, feni 60%: chumba 31, chipu 78, hotispoti 105, wati 220, PerfCap inarukaruka kati ya Pwr na Thrm. Nimepigwa?

---

Mkongwe_wa_Pentiamu

"Ilikuwa ya gemu tu." Hahaha. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa GPU Septemba 2022, kadi za wachimbaji zilimwagika sokoni dunia nzima, na hakuna hata moja iliyowahi kuchimba. Zote zilikuwa za gemu tu.

---

Mzigo_Tabata

Mdogo wangu usife moyo. Kuchimba peke yake si kosa, kadi nyingi za wachimbaji zilikuwa zimepunguzwa wati. Kinachonitisha kwako ni pengo: 105 toa 78 ni 27. Kadi ya Nvidia iliyopakwa pesti vizuri pengo la chipu na hotispoti huwa kama 10 mpaka 15. Ikipita 25 maana yake kuna sehemu ya chipu haigusani vizuri na hitsinki. Pesti imesukumwa pembeni kwa miaka ya kupata moto na kupoa, au skrubu hazikukazwa sawa.

Mwenye kadi za AMD asitishike na namba hizi lakini. AMD huruhusu hotispoti mpaka 110, walisema hivyo waziwazi tangu RX 5700 XT ya 2019, na pengo lao kwa kawaida ni kubwa kidogo. Ingawa nao yaliwakuta: RX 7900 XTX zilizotoka Desemba 2022 kwa muundo wa AMD wenyewe, baadhi zilikuwa zinagonga 110 na kujibana zikiwa mpya kabisa. Ikagundulika chemba ya mvuke ndani ya hitsinki haikuwa na maji ya kutosha. Watu walioligundua waliona pengo hilo hilo, chipu ya kawaida na hotispoti juu, na ukigeuza mkao wa kadi joto linabadilika.

Na mwenye RTX za mfululizo wa 50 asihangaike kutafuta hotispoti, Nvidia wameiondoa isisomwe.

Sasa kabla hujafungua kadi, fanya jambo moja. Toa ubavu wa keisi na ule uso wa mbele kama ni kioo, pima tena bila kubadilisha kingine. Joto likishuka nyuzi mbili tatu, keisi yako haina hatia, tatizo liko kwenye kadi. Likishuka nane au kumi, umefunika sufuria, na pesti mpya haitakusaidia.

---

kijana_Mbagala

Nimetoa vyote. Chipu 76, hotispoti 103.

---

Fundi_Aggrey

Basi ni kadi. Fungua, au lete.

Ukifungua mwenyewe: skrubu nne zinazozunguka chipu zilegeze kwa mshazari, zamu kwa zamu, usimalize moja kisha nyingine. Nyaya za feni zinachomolewa kwa kushika plagi, usivute waya. Pedi zikichanika usitie pesti mahali pake, tafuta pedi za unene ule ule. Ukiweka nene kuliko ilivyokuwa, hitsinki inanyanyuka juu ya chipu na utarudi hapa na pengo la 40. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti yoyote inayojulikana inafaa, Arctic MX-4 au MX-6, usinunue ile ya sindano isiyo na jina. Mwenye uwezo aagize Honeywell PTM7950, ile inayolainika ikipata moto. Haisukumwi pembeni kirahisi kama pesti, na kwa joto letu inalipa.

Vumbi pia. Ukipuliza na bloa, shika feni isizunguke. Feni ikizungushwa na upepo mkali beringi inakufa.

---

Kigamboni_Kusini

Niko karibu na bahari. Nimefungua kadi ya miaka mitatu, mapezi ya alumini yana unga mweupe na skrubu za kwenye bracket (bati la kufungia kadi kwenye keisi) zina kutu. Feni zinazunguka sawa. Swali langu ni kiyoyozi: chumba kikiwa 20 kadi inasoma 62, raha tupu. Kuna ubaya?

---

Mzigo_Tabata

Kiyoyozi kikifanya kazi hakuna ubaya, hewa yake ni kavu, kadi inafurahi. Wati 300 ni kama BTU 1,000 kwa saa, kiyoyozi cha 9,000 kitavumilia ingawa kitakuwa kinafanya kazi ya ziada. Angalizo ni hili: mashine imezimwa, imelala kwenye chumba cha 18 usiku kucha, asubuhi unafungua dirisha la baharini. Msimu huu unyevu wa Dar ni mwingi kiasi kwamba kitu chenye nyuzi 22 au 23 kinaweza kushika umande. Chuma chako cha 18 kitalowa. Acha mashine yenyewe ipate joto la chumba na ikauke kwanza ndipo uwashe. Na huo unga mweupe huenda ni kutu ya alumini iliyoletwa na hewa ya chumvi, usafishe kwa brashi laini na spiriti.

---

shemeji_wa_Luku

Na pangaboi je? Si rahisi kuliko kiyoyozi

---

Mzigo_Tabata

Pangaboi halipozi hewa, linaizungusha. Wewe unasikia baridi kwa sababu una jasho, kadi haina. Linasaidia kama mashine iko kwenye kona au ndani ya kabati la TV na inavuta tena hewa yake ya moto. Hapo utaona tofauti kweli. Kama mashine iko sehemu ya wazi, huenda usione hata nyuzi moja.

Sasa lile la wati niliahidi. Ukiwa umefunga feni, tofauti ya joto inakwenda sambamba na wati. Gawanya. Kadi yangu: 43 kwa wati 170, ni nyuzi 0.25 kwa kila wati. Nikashusha voltiji: Afterburner, Ctrl+F (inafungua mchoro wa kasi na voltiji), nikachagua megahezi 1,800 kwa volti 0.875, nikasawazisha mstari wote wa kulia. Wati zikashuka hadi 130, kadi ikasoma 64 kwenye chumba kile kile cha 31. Tofauti 33, gawa kwa 130, 0.25 tena. Hitsinki haijabadilika, mzigo ndio umepungua. Kwa namba hii mnaweza kulinganisha kadi za wati tofauti bila kugombana, mradi asilimia ya feni iandikwe. Na mtu akija na 0.25 mwaka huu, mwakani 0.32 kwa feni ile ile, huyo ana vumbi au pesti imechoka, hata kama chumba ni cha barafu.

Kwa Dar mimi naona kushusha voltiji ndiyo dawa ya kwanza, kabla ya kununua feni za taa za rangi. Ni bure, na kila wati usiyoila haiingii chumbani kwako.

---

mteja_makini

Nyongeza kwa wanaokwenda kununua za mkononi: nendeni na flashi yenye GPU-Z, HWiNFO isiyohitaji kusakinishwa, na FurMark. GPU-Z kwanza, kuna kadi feki zilizoandikiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) nyingine, ikizitambua inaweka neno FAKE mbele ya jina. Kisha FurMark dakika kumi, mtazame pengo la hotispoti na msikilize feni. Muuzaji akisema umeme wa duka hautoshi kupima, msibishane naye, maduka ni mengi.

---

kijana_Mbagala

Mrejesho wakuu. Nimefungua nikisimamiwa na kaka yangu, pesti ilikuwa imekuwa kama chaki, katikati ya chipu pako wazi kabisa. Pedi zilikuwa nzima, sikuzigusa. Nimepaka MX-4. Chumba 31, feni 60%, wati 220: chipu 71, hotispoti 84. PerfCap inasoma Pwr tu.

---

Fundi_Aggrey

Pengo 13. Kazi safi kijana. Pima tena baada ya wiki chache, pengo likianza kukua kaza skrubu.

---

Mzigo_Tabata

Ulikuwa 0.21 kwa wati, sasa 0.18. Nakuweka kwenye orodha ya posti ya kwanza. Tunamsubiri dada_rendi na pedi zake. Mwenye RX 6600 ajitokeze, mpaka sasa sina namba hata moja ya kadi hiyo kutoka Dar, na ndiyo naona inauzwa sana.